Zege la Mlango wa Mama

Siku tuliyomrudisha mama kutoka hospitali, tulimpitisha mlangoni mwa chumba chake akiwa juu ya godoro. Mlango ulikuwa mwembamba, wa zamani, na godoro likajikunja katikati. Sauti aliyoitoa mama pale mlangoni ilimfanya kaka aegemee ukuta, godoro mikononi, mpaka pumzi ilipomrudia. Tulipokwisha kumlaza, mama alituita wote wawili karibu.

"Nisikilizeni. Mtu asininyanyue tena. Hata malaika akija, mwambieni apige kambi hapa hapa."

Ugonjwa ulikuwa kwenye mifupa ya mgongo. Kumgeuza tu ilikuwa kazi ya mkono mmoja begani na mwingine nyongani, polepole, huku yeye ameuma kitambaa. Na dirisha la chumba chake lilitazamana na ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ukitoa mpini wa ufagio nje unaugusa. Mama alisema ukuta ule ameshaujua mpaka tabia zake: asubuhi unanuna, mchana unachangamka kidogo kwa kujipendekeza, jioni unanuna tena.

"Nimekaa na watu wengi," aliniambia nikimnywesha uji, "lakini huyu mwenzangu hana habari hata moja."

Kabla ya hapo mama hakuwahi kushinda chumbani. Alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, nje ya ule mlango wetu mkubwa wa mabawa mawili, na mtaa mzima ulipita mbele yake. Alimjua aliyepata kazi kwa jinsi anavyokanyaga. Alimjua aliyegombana nyumbani kwa jinsi alivyofunga vifungo. Mtu akipita na pindo lililofumuka, mama alimwita hata kama si mteja wake: "We, njoo hapa! Unataka kuanguka na meno mazuri hivyo?" Alimkalisha, akampigia pindo lile akiwa amelivaa, na alipomaliza alikuwa na habari za nyumba nzima ya mtu yule.

Kabla hatujamrudisha nyumbani, daktari alikuwa amezungumza na kaka na mimi ukumbini, nje ya wodi. Hakuzunguka. Alisema tumpeleke nyumbani na tumpe anachotaka, maana muda uliobaki si mrefu. Kaka aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Tulipofika getini akanishika mkono.

"Mama asijue."

"Kaka..."

"Asijue, mdogo wangu. Akijua atageukia ukutani na habari itaishia hapo. Unamjua."

Yeye ndiye mkubwa, na tangu baba afe neno lake ndilo lililofunga mjadala. Nilimwuliza jambo moja tu.

"Daktari kasema tumpe anachotaka?"

"Ndiyo."

"Anataka baraza."

Hapo ndipo wazo la mlango lilipoanzia. Kama mama hanyanyuliki, basi kitanda kiende naye. Kitanda kifungwe magurudumu, kitoke chumbani, kipite sebuleni, na kwenye mlango wa mbele hakuna tabu, ule hupitisha hata kabati. Kizuizi kilikuwa mlango wa chumba tu. Nilimweleza kaka nikiwa namchotea maji ya kuoga, akasimama na ndoo mkononi akifikiri. Kazi yake ni kutunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi. Siku nzima ni kubeba saruji na kuhesabu mabati. "Nitamleta Timazi," akasema.

Timazi ni kile kijiwe cha chuma kwenye kamba ambacho mafundi hutumia kujua kama ukuta umesimama wima. Fundi wetu aliitwa hivyo kwa kejeli, kwa sababu yeye mwenyewe aliinamia kushoto, bega moja juu, jingine chini, tangu alipoanguka kwenye paa la mtu. Alikuwa mwashi na seremala kwa pamoja. "Kila kitu nakinyoosha," alikuwa akisema, "isipokuwa mwenye nyundo."

Alikuja mchana wa Jumapili.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu ndani," mama alijibu kutoka chumbani kabla sijafungua mdomo. "Sauti hiyo si ya Timazi? Wewe si ndiye uliyenijengea banda la kuku likalala kabla ya kuku?"

"Mama yangu, lile banda lilipigwa na upepo."

"Upepo gani? Siku ile hata nguo kwenye kamba hazikutikisika."

Fundi alicheka mpaka futi ya kupimia ikamponyoka. Alipoingia na kumwona mama alivyolala, kicheko kilipungua, lakini hakukiacha kife ghafla. Akapima upana wa kitanda, akapima mlango, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio.

"Huwezi kukipunguza kitanda tu?" kaka akamwuliza.

"Na mtu akiwa juu yake? Msumeno unatikisa, bwana stoo. Huyu hatakiwi kutikiswa." Akatazama juu ya mlango. "Ukuta huu umebeba mzigo. Hapo juu ni tofali mpaka kwenye paa. Nikipanua, lazima nilaze linta mpya."

"Linta ndiyo nini tena?" mama akauliza.

"Ni mhimili unaolala juu ya mlango, mama. Unabeba ukuta usikuangukie kichwani."

"Kumbe kila mlango una punda wake."

"Tena punda asiyekula." Akakunja futi. "Sasa, punda wapo wa aina mbili. Wa kwanza ni boriti, mbao ngumu. Ninayo karakana. Asubuhi nabomoa, jioni boriti imelala, kesho yake kitanda kinapita. Ila mbao ni mbao. Mchwa wakikaa kikao juu yake, baada ya miaka inaanza kupinda. Wa pili ni zege. Nasuka nondo, namwaga, nasimamisha mirunda chini yake, ile miti ya kuegemezea. Hapo kitanda hakipiti mpaka zege likomae. Ni majuma. Lakini likishakomaa, hilo hata vitukuu watalikuta. Mnataka lipi?"

Akatutazama mmoja mmoja. Mimi nilikuwa mguuni pa kitanda, kaka kwenye kiti, mama kwenye mto wake. Nje mtu alikuwa akipita na mkokoteni, na sote tukausikiliza mkokoteni ule kama vile ndio ulioulizwa.

"Mbao," nikasema.

Kaka akanigeukia. "Mbao? Mimi ninashinda kwenye saruji, halafu nyumba ya mama tuiwekee mbao?"

"Ili atoke mapema."

"Mapema kwani kuna nini?" Alisema hivyo kwa kucheka, lakini macho yake yalikuwa yananisihi. "Mama yupo. Baraza lipo, halijaota miguu. Haraka haraka haina baraka."

Nilichotaka kusema kilikuwa kimoja tu, na asiyetakiwa kukisikia alikuwa amelala mbele yangu, macho wazi. Nikamtazama fundi, naye akadhani ni ubishi wa ndugu, akawa anachezea kalamu yake ya seremala.

Mama alimtazama kaka kwa muda. Alimtazama kama alivyokuwa akimtazama mteja aliyemdanganya kipimo cha kiuno.

"Wekeni zege," akasema. "Kitu cha kudumu. Mbao ya nini? Mimi nimepanga hapa?"

"Umesikia?" kaka akaniambia, na uso wake ukalegea kwa nafuu mpaka nikaona haya kumtazama.

Saruji ilichelewa kutoka dukani, kisha nondo zikaja nyembamba zikarudishwa, kwa sababu kaka alitaka kila kitu kiwe cha daraja la kwanza. Mimi kila asubuhi nilimpanga mama mito nikiona mifupa ya mabega inavyozidi kujitokeza. Nilimwambia kaka. Alisema ni kwa sababu hali vizuri.

Siku ya kubomoa, tulitandaza mashuka kutoka kwenye kichwa cha kitanda mpaka miguuni, yameshikwa na kamba kama hema, vumbi lisimfikie.

"Mmeshanifunika kabisa?" sauti yake ikatoka ndani. "Si mngesubiri nife kwanza."

Timazi alicheka. Kaka aliinama akaanza kuokota vipande vya tofali ambavyo havikuwa na haja ya kuokotwa wakati ule.

Fundi alifanya kazi kwa uangalifu, patasi na nyundo ndogo, kipande kwa kipande, akiegemeza ukuta kila alipotoa tofali. Kila baada ya muda aliuliza, "Mama, upo?" naye akajibiwa, "Niende wapi?" Akapigilia kasha la mbao la kushikilia zege, akasimamisha mirunda mitatu: mmoja kila upande, mmoja katikati ambao ndio mnene. Kisha wakachanganya zege uani, mchanga, kokoto na ile saruji ya daraja la kwanza, kaka akipokea karai mlangoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Zege halilali, bwana stoo!" Timazi alimkimbiza. "Likishachanganywa limwagwe! Kulala kuna zamu yake, na likianza zamu yake litalala kuliko sisi sote."

Mama chini ya hema lake alisikika akisema, "Bora lenyewe lina usingizi."

Kazi yangu ikawa kulimwagilia maji asubuhi na jioni, kwa kopo, nimesimama kwenye stuli, lisije likakauka haraka likapasuka. Mama alinitazama kutoka kwenye mto wake.

"Unalinywesha hilo kuliko unavyoninywesha mimi."

"Wewe unakataa maji, mama."

"Nalo lingekuwa na mdomo lingekataa."

Huo ulikuwa utani wake wa mwisho kwa siku nyingi. Baada ya hapo uji ulianza kubaki kikombeni, juu yake umeshika utando. Alilala mchana. Miguu ilivimba, nikawa nikibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Akiamka aliutazama ule uwazi mpana wa mlango, na mirunda mitatu iliyosimama ndani yake kama watu waliokatazwa kuondoka. Hakuuliza tena habari za baraza. Mtu aliyekuwa akiuliza kila siku akiacha kuuliza, unajua.

Jioni kaka alirudi, akapanda kwenye stuli yangu, akaligonga zege kwa kidole. "Linakaza. Bado kidogo tu, mama."

"Naona," mama alisema.

Mchana mmoja nilimwacha amelala, nikaenda karakana kwa Timazi. Alikuwa akipiga randa mbao za kabati la mtu, maranda yamemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Fundi, ile mirunda inaweza kutoka leo?"

"Leo!" Akacheka. "Dada, hata mtoto wa umri huo hajakaza shingo."

"Basi ule wa katikati tu. Kitanda kipite, kisha uurudishe."

Akasimamisha randa. "Ule wa katikati ndio wenye mzigo. Nikiutoa, linta inapinda, inapasuka, na tofali zote za juu zinashuka. Na anayelala karibu hapo ni nani?"

"Bomoa basi. Toa zege, uweke ile boriti yako."

"Nikibomoa zege bichi ukuta utakaa juu ya nini? Mara ya kwanza nilikuwa na linta kuukuu ikinishikia mzigo. Sasa hiyo imekwenda." Akaweka randa chini, akanitazama vizuri. "Kwani kuna nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia aliyoyasema daktari, na kwamba mama hajui, na kwamba kaka hataki ajue. Alinisikiliza akiwa ameinama upande wake ule, mkono juu ya benchi.

"Na mimi nikauliza mbao au zege mbele yake," akasema.

"Hukujua."

"Ungenivuta nje, dada. Ungenikonyeza tu! Ningesema kokoto zimekwisha mji mzima. Ningesema zege halishiki kwenye tofali za zamani. Fundi hakosi uongo. Uongo mmoja tu ulitosha siku ile, na mimi ninao tele." Akajipangusa maranda usoni kwa kiganja, akakawia kuondoa mkono. "Magurudumu yako tayari. Kesho nitakuja kuyafunga. Tutamsogeza mpaka kwenye mirunda. Zaidi ya hapo sina uwezo."

Nilimkuta mama macho.

"Unanukia mbao."

"Nilikuwa kwa fundi."

"Kasemaje?"

"Mirunda haiwezi kutoka."

"Na nani aliyekutuma ukaombe itoke?"

Nilivuta stuli nikakaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, nikaanza kunyoosha shuka lake.

"Sema taratibu," mama akasema, "kama mtu anayetafuta sindano gizani."

"Daktari alisema..."

"Najua alichosema."

"Hukumsikia. Tulikuwa ukumbini."

"Wanawake wamekuja kwangu kupimwa gauni la harusi na tumbo linawasaliti, nami nikaongeza nafasi kiunoni bila kusema neno. Nyinyi ndio mtanificha kitu? Kaka yako alitoka kwa daktari, akakaa kwenye kiti, akaanza kunisimulia misumari mipya iliyoletwa dukani. Ya kichwa bapa na ya kichwa cha mviringo. Mwanangu, nani anamsimulia mgonjwa misumari?"

Nilicheka, kisha kicheko kikageuka, nikafunika uso kwa upindo wa shuka lake. Aliniacha. Nilipoinua kichwa nikamwuliza jambo lililokuwa likiniuma.

"Sasa kwa nini ulisema zege?"

"Ulimwona kaka yako siku ile? Ulimwona vizuri? Kidevu kilikuwa kinamcheza. Ningesema mbao, angelia mbele ya Timazi, na yule mwanamume mdomo wake hauna kifungo. Nikasema, acha awe na zege lake. Nilidhani nitalisubiri." Akageuza macho kwenye mlango. "Nimepima watu maisha yangu yote. Mwenyewe nikajipima vibaya."

"Bado unataka kutoka?"

"Nataka. Ningesema sitaki, lakini nataka."

Jioni ile kaka alipoingia na kuipanda stuli, mama alimwita.

"Acha zege, mwanangu. Njoo hapa."

Alishuka.

"Ninajua," mama akasema. "Tangu ile siku ya misumari. Usimgombeze mdogo wako, sikuambiwa naye."

Kaka alinitazama, akamtazama mama, akatazama dirishani, kwenye ule ukuta wa jirani. "Nilitaka..." akasema.

"Najua ulichotaka. Sasa nibebe unipeleke nje."

"Ulisema usinyanyuliwe."

"Na sasa ninasema ninyanyuliwe. Mwenye mwili ni nani?"

Kaka yangu hubeba mfuko wa saruji begani huku anaongea na mtu. Alivua viatu. Akapitisha mikono chini ya mama polepole, mmoja mabegani, mmoja magotini, kama anayeingiza mikono ndani ya maji asitake yatikisike. Mimi nilishika kichwa. Mama aliuma kitambaa. Alipomwinua kiasi cha kuachana na godoro, kitambaa kikadondoka kinywani mwake, na sauti ile ya siku ya godoro ikatoka tena, ila sasa ilikuwa ndogo, haikuwa na nguvu hata ya kufika sebuleni. Kaka akamrudisha chini.

"Samahani, mwanangu," mama akasema alipoweza.

Kaka alitoka uani. Tukasikia bomba likifunguliwa na maji yakipiga sakafu. Hakukuwa na ndoo. Yalitiririka kwa muda mrefu.

"Nenda kafunge," mama akaniambia. "Yanapotea. Ila usimtazame usoni."

Kesho yake Timazi alikuja na jeki ya gari. Aliinua kitanda mguu mmoja baada ya mwingine, kidogo kidogo, akafunga magurudumu ya mkokoteni wa dukani aliokuwa ameuvunja, na mama hakuhitaji kitambaa. Tukamsukuma taratibu mpaka kitanda kikagusa mirunda. Kaka akaenda kufungua mabawa yote mawili ya mlango wa mbele.

Kati ya mrunda wa katikati na ule wa kushoto palibaki nafasi. Ukilaza kichwa alipolala mama, uliona kipande cha sebule, ukingo wa baraza, na baada ya hapo ukanda wa barabara, mwembamba kama utepe. Watu waliingia katika ukanda ule na kutoka. Bega, ndoo, nusu ya baiskeli.

Mama alitazama. Rangi kidogo ilimrudia.

"Gauni lile nimelishona mimi," akasema. "Ameliongeza pindo mwenyewe, ona, uzi wa rangi nyingine. Si angeniletea."

Jirani mmoja akasimama pale pale kuzungumza na mwenzake, mgongo kwetu.

"Jirani!" mama akajitahidi. "Songa, umenizibia mtaa mzima!"

Yule jirani alizunguka huku na huku akiitafuta sauti, na Timazi akacheka mpaka akashika mrunda, kisha akauachia upesi.

Zilikuwa siku chache tu. Kila asubuhi nilifungua mabawa ya mlango wa mbele kabla ya kuwasha jiko. Lakini macho yake yalikuwa yakichelewa. Mtu alipita, na mama alipokuwa anamtafuta, mtu ameshatoka kwenye ukanda.

"Wanapita haraka," akalalamika siku moja. "Zamani walikuwa hawakimbii hivi."

Kaka hakwenda kazini siku ile. Alikuwa amekaa sebuleni, akamsikia. Akainuka akatoka barazani. Nikamsikia akimwambia mtu, "Samahani, simama hapo kidogo. Hapana, hapo hapo. Mama anakutazama." Na yule mtu akasimama, mfuko wa mboga mkononi, hajui aweke wapi uso, kisha akainama kuchungulia ndani na kusema kwa sauti, "Mama, habari za siku nyingi!" Alipoondoka kaka akamsimamisha mwingine. Wengine walikuwa wageni wasiomjua mama kabisa, na hao pia walisimama. Mama alimtazama kila mmoja kuanzia begani mpaka kwenye pindo, kama alivyofanya siku zote, na kwa baadhi yao aliniambia jambo. "Huyu anafiwa na viatu." "Huyu ameoa vizuri, vifungo vyote vipo." Baadaye akawa anatazama tu bila kusema.

Alikufa asubuhi, jua likiwa limefika barazani. Nilikuwa nimekwenda kupasha maji ya kumwosha uso. Niliporudi, kichwa chake kilikuwa kimelala upande wa nafasi ile, na katika ukanda ule wa barabara hapakuwa na mtu.

Jeneza liliingia sebuleni likakomea hapo. Kwenye mirunda lisingepita. Watu walisimama wakijadiliana kwa sauti za chini. Timazi alifika na nyundo na mrunda wa akiba begani, macho mekundu.

"Huu wa pembeni ninaweza kuuhamisha kidogo," alimwambia kaka. "Kwa leo. Nitasimama chini yake mwenyewe."

Kaka alitikisa kichwa. Akavua viatu, akaingia chumbani, nikamfuata. Tulikuwa tumekirudisha kitanda nyuma na kumzungushia mama shuka jeupe. Kaka alipitisha mikono, mmoja mabegani, mmoja magotini, akainuka naye mara moja. Alisimama hivyo akishangaa, maana mikono yake ilijiandaa kwa uzito ambao haukuwapo. Akageuka ubavu, akapita naye kati ya mirunda, kichwa cha mama begani kwake, wala hakugusa mti wowote.

Sebuleni watu walikuwa wamefungua jeneza, wamesogea kumpokea. Kaka akawapita. Akalipita na jeneza. Akavuka mlango wa mbele, akatoka mpaka ukingoni mwa baraza, akasimama.

Barabara ilikuwa imejaa. Waliokuwa wakizungumza wakaacha.

"Bwana mkubwa, muda," mzee mmoja alisema kwa upole nyuma yetu.

"Mwacheni," akasema Timazi.

Kaka hakugeuka. Alimsogeza mama kidogo mikononi, kichwa kikaondoka begani mwake, kikaelekea barabarani. Nilisimama upande wake. Nikainua mkono, nikaliondoa shuka usoni.